Somo la Kusikia

Kila mwaka somo la kusikia likikaribia, natamani kuliruka. Nalifundisha kwa sababu limo kwenye mtaala, lakini silipendi. Ndilo lililonionyesha mtoto niliyekuwa nampoteza mbele ya macho yangu mwenyewe.

Shule yetu iko Mbozi, pembeni mwa barabara kuu ya kwenda Tunduma. Malori ya mpakani yanapita mchana kutwa, na dereva akipiga honi darasa zima la awali linaruka. Mwaka ule nilikuwa na watoto themanini na wawili katika chumba kimoja. Kwa idadi hiyo humsikilizi mtoto mmoja mmoja. Unauliza kwa pamoja na unajibiwa kwa pamoja. "Tunaona kwa nini?" "Kwa machooo!" "Tunanusa kwa nini?" "Kwa puaaa!" Kila jibu linakwenda na kidole kwenye kiungo chake. Mgeni akipita dirishani atasema mwalimu yule anaiweza kazi, na mimi nilijiona naiweza kweli.

Mimi si mtu wa huku. Nilipangiwa kazi nikitokea Singida, na Kinyiha changu kinaishia kwenye salamu. Kwa hiyo watoto wanaotoka mashambani bila Kiswahili nilikuwa na utaratibu nao: nawakalisha madawati ya nyuma, kila mmoja na mwenzake anayejua lugha zote mbili, amtafsirie. Sikuona haja ya kuwasumbua. Ikifika Pasaka wengi wao wanakuwa wameshaanza kunibishia kwa Kiswahili.

Mwezi wa kwanza, bibi mmoja alishuka kutoka upande wa mashamba ya kahawa akiwa na mjukuu wake, binti wa miaka sita.

"Mwalimu, nimekuletea huyu," alisema. "Haongei, lakini hana shida."

Nilimuuliza mtoto jina lake. Akaniangalia mdomo. Nikauliza tena, akatabasamu. Nikaandika kwenye daftari: hajui Kiswahili. Nikampeleka nyuma.

Alikuwa mtulivu na msafi, mtoto ambaye mwalimu mwenye watoto themanini na wawili anamshukuru Mungu kwa ajili yake. Nikiita mahudhurio, jirani yake wa dawati alimwitikia. Wenzake wakijibu kwa pamoja, naye alifungua mdomo, na kidole chake kilifika sikioni kikiwa kimechelewa kidogo tu. Nilimsifia kwa hilo. Nilisema, huyu ameanza kushika.

Lakini nina hasira za karibu, sitaficha. Siku moja niliwaambia waache kuchora, wote wakaacha, yeye akaendelea. Nikarudia, akaendelea. Nikaenda nikamvuta sikio. "Masikio yako ni ya mapambo?" Darasa likacheka. Naye aliponiona nimekunja uso akacheka na wenzake, kwa kuwa kila mtu alikuwa anacheka. Naliandika hili kwa aibu.

Ikaja ile wiki ya milango ya fahamu, mwezi wa saba. Kwa kusikia nilitunga mchezo: kila mtoto alaze kichwa kwenye dawati na kufumba macho, mimi nizunguke na kopo la maharage, na atakayesikia likitikiswa karibu yake anyooshe mkono. Walichungulia kupitia vidole, wote, wezi wakubwa wale. Yule binti alilazwa kichwa na jirani yake, akafumba macho kweli kweli.

Nilitikisa kopo mlangoni, mikono ikapanda. Nikatikisa katikati. Nikafika nyuma, mikono ikapanda kulia na kushoto kwake, wake ukabaki chini. Nikalitikisa juu ya kichwa chake. Nikaweka kopo chini, nikachukua mfuniko wa sufuria na mwiko nilivyoleta kwa somo lile, nikagonga kwa nguvu. Mtoto wa dawati la mbele alianza kulia kwa kushtuka. Mgongo wa yule binti ulipanda na kushuka taratibu, kama wa mtu anayepumzika.

"Mwalimu," jirani yake akasema, "huyo mpaka umguse."

"Tangu lini?"

"Siku zote."

Niliwatoa nje kabla ya kengele. Nikaegemea ukuta, nikaitazama barabara. Mara mbili kila siku mtoto yule alikuwa anavuka barabara ambayo madereva wake hawapunguzi mwendo. Wanapiga honi tu, wakijua atakayesikia atakimbia. Na darasani, kati ya viti vyote, nilikuwa nimempa kile kilicho mbali zaidi na sauti yangu.

Jioni ile nilimshika mkono tukapanda kwao. Bibi alikuwa anageuza kahawa kwenye meza ya kuanikia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Amekosa nini?"

"Hajakosa. Bibi, huyu mtoto wewe unaongea naye vipi?"

Alifuta mikono kwenye kitenge. "Siongei naye sana, mwalimu. Huyu ni wa Tunduma. Mama yake alimleta mavuno ya mwaka jana, akavuka Zambia kwenye biashara, na simu haipatikani mpaka leo. Mimi nikimsemesha Kinyiha ananitazama tu. Nikasema, ndiyo watoto wa mjini, amezoea Kiswahili. Nikasema ngoja nimpeleke shule, huko mtaelewana."

Nilikaa chini palepale, kwenye udongo. Yeye alisema mtoto ana Kiswahili. Mimi nilisema ana Kinyiha. Kila mmoja alimwachia mwenzake, na katikati yetu mtoto alikuwa hana lugha hata moja.

Nilipomweleza alikataa, akaniambia walimu wa siku hizi tunatafuta visingizio. Kisha akasimama nyuma ya mjukuu wake, aliyekuwa ameshaanza kuchambua kahawa, akamwita. Akamwita tena. Mara ya tatu alipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Binti aliokota punje mbovu, akaitupa. Bibi akajifunika uso kwa kitenge.

Tulimpeleka hospitali Mbeya. Daktari alimpima asubuhi nzima, akatuita sisi wawili. Alisema masikio yote mawili hayasikii, na si jambo la juzi.

"Aliwahi kusema neno lolote?"

Bibi akaniangalia mimi, mimi nikamwangalia bibi.

"Lugha ina umri wake wa kuingia," daktari akasema, "hata ile ya mikono. Wa huyu unakwisha. Ilitakiwa aanze zamani."

Nikamuuliza kuhusu shule ya watoto viziwi. Akasema atatuandikia barua, lakini nafasi ni za mwakani, zikiwepo. Nilimwomba. Nilimsihi kama vile yeye ndiye mwenye shule, nikasema nitafanya lolote, nitamfundisha mwenyewe wakati tunasubiri, aniambie tu nianzie wapi. Nilikuwa nalia bila kujizuia.

"Anzeni na jina," alisema. "Mkimtaka, mnamwitaje?"

Bibi akataja jina la mjukuu wake.

"Hilo ni la kwenu, mama. Halijamfikia. Nauliza ishara, alama yoyote, ambayo mkiionyesha anajua ni yeye."

Hatukuwa nayo. Tangu mwezi wa kwanza nilikuwa nimelisoma jina lile kila asubuhi kwa sauti, na kuliwekea tiki. Binti alikuwa amekaa katikati yetu, akitazama midomo yetu mmoja baada ya mwingine. Alikuwa na miaka sita, na alikuwa hajui kwamba ana jina.