Mkeka Usiokaliwa

Nimesuka mikeka maisha yangu yote, na watu husifu rangi. Wanauliza nimechemsha majani gani hata ukindu ukawa mwekundu hivi. Maneno hawayaulizi.

Mume wangu alirudi Kivinje akiwa shati. Mwenyewe walimzika hukohuko kwenye mashamba ya mkonge, upande wa Lindi. Ilikuwa wakati wa vita. Waingereza walidai watu wa kukata mkonge, na jumbe wetu ndiye aliyechagua nani aende. Vijana wenye nguvu zao walibaki kibarazani kwake wakicheza bao, kwa kuwa ni wapwa zake. Akampeleka mume wangu, mtu ambaye hata kucheka kulimtia kikohozi.

Shati lenyewe lilikuwa la gunia. Nguo zilikuwa adimu, na wengi tulivaa magunia. Nililinusa nikalia, kisha nikakasirika, na hasira ndiyo iliyobaki.

Nilitaka jambo moja tu: jumbe aulizwe mbele ya watu. Lakini nilikuwa edani, na mjane aliye edani hatoki wala hasemi na wanaume wa kando. Wanaume wa ukoo wetu nao walikuwa na midomo ya kulia wali tu. Basi nikasuka. Nilichagua ukindu mwororo usiotiwa rangi, nikaunga mkeka mpana. Kisha nikafumua mgongo wa lile shati, na kwa nyuzi zake nikadarizi katikati: "Mgonjwa yule ulimchagua kwa nini?" Niliandika kwa herufi za Kiarabu, ndizo pekee nilizofundishwa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani. Ukipitisha kiganja, ukindu uliteleza na maneno yalikwaruza. Hivyo ndivyo nilivyotaka.

Siku ya arobaini, shangazi yangu, ambaye hakujua kusoma, aliutandika pale anapokaa mgeni wa heshima. Mimi nilichungulia nyuma ya pazia. Jumbe akaingia, akavua viatu, akainama akae. Akasita. Niliyaona macho yake yakitoka kulia kwenda kushoto, yakarudia tena. Nikajiambia, leo ndiyo leo.

"Lahaula!" akasema. "Herufi za Kitabu kitukufu mmezitandika chini zikaliwe?"

Akaunyanyua mkeka, akaubusu, akauweka kichwani, kisha akaukunja maneno yakiwa ndani. Sebule nzima ikasema mashallah. Hakuna aliyeomba kuusoma. Baada ya hitima na wali wao akaondoka nao, akauchoma kwa heshima kama inavyochomwa misahafu iliyochakaa, na majivu akayatia baharini. Shangazi akanishikilia nimpelekee salamu za shukrani. Nikazituma kwa mtoto, chungu kama shubiri.

Eda ilipokwisha nilikutana na jumbe njiani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mikono yako ina baraka. Hebu nisukie msala." Akanitazama. "Lakini usiandike kitu."

"Sitaandika, mzee."

Na sikuandika. Nilimsukia msala mwororo kuliko yote niliyowahi kusuka, na pale linapotua paji la uso nikashona kipande kilichobaki cha shati, cha upande wa kifua, nikakitia rangi ileile ya ukindu. Aliupokea kwa mikono miwili. Akausalia kwa miaka, kila sujudu akilisugua gunia la mume wangu kwa uso wake, na hakuuliza mbona panakwaruza.

Paji likaota sugu nyeusi. Watu wakawaonyesha watoto wao: mtazameni mcha Mungu, ana alama ya sijida. Kila Ijumaa alipita mlangoni kwangu nayo, nami nikamwamkia, akaitikia.

Alikufa amesifiwa. Wakaja watoto wake kunibishia hodi, wanataka mikeka ya arobaini ya baba yao, na wakasema niichagulie rangi nzuri.