Mchanga wa Moto

Siku ya tano ya Mfungo Mosi, mwezi wa Idi, kabla ya adhuhuri, dada yangu alipoteza miguu yake miwili. Aliamka nayo, akaenda nayo baharini kwenye shamba la mwani, akarudi nayo hadi uwani kwetu Uroa. Akashika mgongo baina ya mabega, akasema, "Kama nimechomwa kisu." Akakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Hakuinuka tena.

Sisi wanawake wa mwani sote twaumwa mgongo. Hilo ndilo lililotupumbaza. Nikamwita mkandaji, bibi aliyenikanda kila nilipozaa. Akamtazama dada usoni.

"Hebu msalie Mtume."

Dada akamsalia, ulimi haukuteleza.

"Kiharusi hupinda mdomo, mwanangu. Huyu mdomo wake umenyooka kuliko wangu. Huu upepo tu. Kaanga mchanga."

Nikaukaanga, nikaufunga kwenye kipande cha kanga. Yeye akashika mgongo, mimi miguu. Nilikanda mapaja hadi visigino, vidole vyangu vikiungua. Dada akageuza shingo.

"Miguu mbona hamuianzi? Au mnangoja mwani ukauke?"

Tukacheka, tukidhani atutania. Wallahi tulicheka. Kisigino kilikuwa kinatoa malengelenge, na mimi nacheka.

Alasiri ikafika hajakojoa. Kwetu mkojo ukikwama, mtu hunyweshwa madafu. Nikamnywesha manne. Tumbo likavimba kama la mja mzito, naye hakulalamika, maana hakusikia kitu. Tukampeleka mjini siku ya pili.

Daktari, mwanamke wa makamo, alimtia mpira wa mkojo kabla ya kuniuliza jina la mgonjwa. Mfuko ukajaa, ukamwagwa, ukajaa tena. Akamgusa miguu kwa barafu, kisha kwa sindano. Kimya. Baada ya picha ya mgongo akaniita nje.

"Ni kiharusi, lakini cha uti wa mgongo. Damu imekatika huko, si kichwani. Maumivu ya ghafla, miguu yote miwili imekufa, mkojo umefunga: mtu huyo haletwi kesho, bibi. Huletwa saa ile ile."

"Ningemleta mapema angetembea?"

"Sijui. Sitakudanganya. Lakini kisigino chake kingekuwa kizima."

Walimtunza. Walisimamia presha yake, wakamgeuza mchana na usiku, wakamfanyisha mazoezi. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilianza kucheza, tukashukuru. Kidonda cha kisigino hakikupona. Sumu yake ikaingia kwenye damu, na miezi mitatu baadaye, Mfungo Nne, tukamzika.

Watu waniambia siku yake ilifika. Naamini ilifika. Lakini mchanga niliukaanga mimi, na kila anayeniambia kadari namwona kama ananiziba mdomo. Nina hasira na mkandaji. Nina hasira na madafu. Zaidi nina hasira na kicheko changu.

Siku ya hitima jirani yetu mmoja alishika kiuno. Mkandaji akasema, "Leteni kikaango." Nikakinyakua mimi.

"Miguu waisikia?" nikamuuliza jirani.

"Naam."

Nikamfinya kisigino kwa kucha, kwa nguvu.

"We! Wanitoa roho!"

"Mkojo?"

"Nshakwenda chooni mara mbili, mwanamke, wataka nini?"

Wanawake wakacheka. Mimi sikucheka. Nikampa mkandaji kikaango, naye akakipokea bila kunitazama.