Seli Zilizokata Shauri

Chizuru alikuwa mtu wa kulisha. Wenzake wa darasani kule Tottori waliolewa, wengine wakafungua saluni. Yeye alikuja mjini Kobe, kwenye maabara, akapewa koti jeupe na kabati la joto lenye visahani, na kazi yake kila siku ya Mungu, sikukuu na Jumapili, ikawa kuzibadilishia seli maji ya lishe.

Na si seli za hivi hivi. Zilitoka ndani ya kiinitete cha panya, kijidonge ambacho bado hakijui mkia utaota upande gani. Seli ya namna hiyo haijakata shauri. Inaweza kuwa moyo, inaweza kuwa mfupa, inaweza kuwa unywele wa sharubu. Inajigawa, na watoto wake nao hawajakata shauri, na wajukuu vilevile. Ajabu ni kwamba kutokata shauri huko ni kazi. Ndani ya kila seli zimo protini chache zilizo kama wasimamizi wa zamu: huyu anamwamsha yule, yule anamwamsha huyu, na wote wakiwa macho hufunga milango ya kwendea kwenye ngozi, mfupa na damu. Wakisinzia, mlango mmoja hufunguka, na seli ikishapita hairudi yenyewe. Ndiyo maana lishe hutiwa tone la protini nyingine, ya kutoka nje, inayobisha hodi ukutani kuwaambia wa ndani wasilale. Pale maabara waliliita tone, basi.

Vuli ile, baada ya majaribio mengi kufa, Chizuru alipata seli zake mwenyewe, alizozitoa kwenye kiinitete kwa mkono wake. Profesa Kuwabara akamwahidi kwamba zikifika Januari bila kukata shauri, zitaingizwa katika viinitete vipya, na panya wakizaliwa nazo mwili mzima, kazi hiyo itatangazwa kwa jina lake. Chizuru alitaka kugandisha akiba kabla ya likizo ya mwaka mpya. Aliyemzuia ni dada Orie, mkubwa wake wa kazi, aliyemfundisha hata kushika kibomba cha kudondoshea lishe.

"Bado chache, mdogo wangu. Ukizigandisha sasa, nyingi zitakufa. Nenda kamwone mama, nitakulishia."

"Likizo nzima, dada?"

"Mimi sina mume wala paka. Nenda."

Chizuru akaenda. Siku ya mwaka mpya, mdomo umejaa keki ya mchele, alipiga simu. Orie akamwambia zinang'aa, duara tupu, tena zimemzoea yeye kuliko mwenyewe. Wakacheka. Mama naye akacheka bila kujua kinachochekwa.

Aliporudi alipitia maabara kwanza, boksi la jeli za mapeasi mkononi, zawadi ya Orie. Akaweka kisahani chini ya hadubini. Seli zenye afya hukaa vilima vidogo vya mviringo vinavyometameta. Hizi zilikuwa zimelala bapa, zimetoa miguu, nyingine zimerefuka kama nyuzi. Pembeni kundi moja lilikuwa linadunda. Linadunda kweli, kwa mpigo, moyo usio na mnyama. Siku nyingine angemwita kila mtu aje aone. Akavuta kisahani cha pili, akavuta vyote. Zote zilishakata shauri.

Kisha akafungua rafu ya seli za Orie mwenyewe. Vilima vya mviringo, vinang'aa.

Orie alipoingia hakukana. Tone lilikuwa linaisha, alisema, na kiwandani walikuwa wamefunga kwa mwaka mpya. Lililobaki lilitosha seli za mtu mmoja. Za Chizuru alizilisha lishe tupu.

"Ungeniambia."

"Mtu yuko kwa mama yake, mwaka mpya, nimpigie na habari mbaya? Sikutaka kukusumbua."

"Nilikupigia mimi, dada."

Orie akalitazama boksi, akashukuru kwa jeli.

Mbele ya Profesa walisimama bega kwa bega. Akauliza lishe ilikwendaje. Pale mdogo hamsemi mkubwa wake kwa mkuu. Mkubwa hujisema mwenyewe, na mdogo humpa nafasi kwa kunyamaza. Chizuru akampa nafasi hiyo. Orie, kwa sauti laini, akasema seli za Chizuru tangu mwanzo hazikuwa imara. Basi Chizuru akainama, kiuno kizima, akaomba radhi kwa uzembe wake.

Profesa hakuwa mtu mbaya. Alisema zitaingizwa seli za Orie, na Chizuru, kwa kuwa sasa hana cha kulisha, amsaidie kuzilisha.

Kesho yake chupa mpya ya tone ilifika. Chizuru akavaa glavu, akatoa visahani vya Orie, akamimina lishe. Nyuma yake akasikia viatu vikija, vikasimama. Orie, ambaye hakuwahi kumsimamia tangu mwaka wa kwanza, alikuwa anautazama mkono wake, aone kama atatia tone au hatatia.

Akatia.

"Nimetia, Bi Orie," alisema bila kugeuka, akavuta kisahani kingine.