Uji wa Mbwa wa Lindo

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, shangazi huzamisha mkono ndani ya gunia la unga mpaka kwenye kiwiko, akachota konzi moja kutoka chini kabisa na kuinusa. Kuvu huanzia chini, husema, pale gunia linapogusa sakafu. Ndiyo maana aliokota mbao akazipanga chini ya magunia, na mabakuli huyasugua na kuyaanika juani.

Ni mpishi wa mbwa wa kampuni ya ulinzi. Huwapikia uji mzito wenye utumbo, na utumbo huo huuchemsha mpaka walinzi wanamtania.

"Mama Mbwa, leo tubakizie!"

"Pangeni foleni nyuma ya Mkwe, na msibweke."

Mkwe ni dume kubwa jeusi. Shangazi alimpa jina hilo kwa sababu hawezi kula akitazamwa.

Mwezi uliopita walikufa mbwa wawili. Walianza kwa kukataa chakula, kisha macho yakawa ya manjano. Shangazi alidhani haivishi vizuri. Akaongeza kuni, uji ukatokota karibu asubuhi nzima. Akafa wa tatu.

Jana daktari wa mifugo alimfunua Mkwe mdomo. Ufizi ulikuwa wa manjano. Akaonyeshwa unga, akaunusa, akatikisa kichwa.

"Mama, hii ni sumu ya kuvu. Mahindi yalisagwa yakiwa yameshaharibika."

"Lakini nachemsha, daktari. Nachemsha sana!"

"Moto unaua kuvu, sumu yake inabaki. Utupwe wote, waletewe mwingine."

Shangazi alimfuata meneja ofisini, unga ukiwa kwenye kiganja. Meneja hakuinua macho kutoka kwenye simu.

"Nitupe stoo nzima kwa ajili ya mbwa? Nenda kapike. Au nimtafute anayeweza?"

Nilipompelekea shangazi chakula cha mchana nilimkuta ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, viganja vyeupe kwa unga. Kazi hii ndiyo inayowalisha wajukuu zake. Alinisimulia yote bila kulia, kisha akammwagia Mkwe wali wangu wote kwenye bakuli. Mkwe alilamba kidogo, akalaza kichwa chini. Kule mabandani wenzake walikuwa wanabweka kwa njaa, wanakwaruza milango.

"Shangazi, hao wengine utawapikia nini?"

"Unga huohuo," alisema. "Sina mwingine."