Mibonyeo ya Kofia ya Babu

Juzi nilirudi Garsen kwa ajili ya arusi, na kwa kuwa huko kwetu arusi haina haraka, nikaingia kwenye ukumbi wa shule kutazama maonyesho ya vitu vya zamani. Mwalimu mmoja mstaafu amekusanya vinu, mitego ya samaki, taa za chemni, na meza nzima ya vitu vya wazee waliokwenda vita vya Burma. Hapo mezani nikaiona kofia ya chuma ya babu yangu. Chini yake pana kikaratasi: "Kofia ya askari. Mibonyeo hii ni ya risasi za adui."

Nilicheka, rafiki yangu. Mibonyeo ile niliipiga mimi.

Babu alikuwa mpishi wa jeshi, wala hakuficha. Vijana walipomzunguka wakitaka habari za bunduki, yeye aliwaeleza namna ya kuchemsha chai ya kikosi kizima kwa kuni mbichi. Walimcheka, wakampa jina la Sufuria, naye akaliitikia. "Sikuua mtu, na hakuna aliyelala njaa," alikuwa akisema, kisha anaendelea kuchonga mpini wa jembe.

Kofia yenyewe alimpa nyanya, na nyanya akaipeleka shambani. Mpunga ulipoanza kujaa punje, ndege walishuka makundi kwa makundi, nasi watoto tulikuwa na kazi moja tu, kuamia, yaani kuwafukuza kutwa nzima. Nilipanda dungu, kile kichanja kirefu cha miti katikati ya shamba, nikiwa na kofia ile na mchi mdogo wa kuigongea. Nyanya aliniletea viazi vitamu na kambale mkavu juu ya jani la mgomba, na chai ya maziwa ya jirani zetu Waorma, yenye harufu ya moshi wa kibuyu. Mpaka leo chai isiyonukia moshi naiona kama dawa.

Kwenye dungu la pili, ng'ambo ya mfereji, alikaa binti wa jirani na debe lake. Ndege wakielekea kwake niligonga mara mbili, nikanyamaza, nikagonga moja. Naye alijibu kwa sauti yake nyembamba, "Waje, nipo." Basi ndiyo siku ilivyokwenda, hadi makoo yakatukauka.

Sasa nimesimama mbele ya kikaratasi. Nikikaa kimya, babu atapata ushujaa aliounyimwa akiwa hai, na moyo wangu ulitaka hivyo, sikufichi. Lakini huyu ni mtu aliyekubali kuitwa Sufuria kuliko kudanganya. Nikamwita mwalimu, nikamweleza yote.

Akavua miwani. "Dada, wageni wote wanaipiga picha hiyo kwa sababu ya risasi. Sasa mimi nitajuaje kama usemayo ni kweli?"

Nikachukua mchi kutoka meza ya vinu, nikaigonga kofia mara mbili, nikanyamaza, nikagonga moja. Watu wote ukumbini wakageuka. Nilijisikia mjinga. Mto ulishahama njia yake, shamba letu siku hizi ni malisho ya ng'ombe, babu na nyanya wamelala, na mafuriko yalitutawanya sisi wengine hata hatujui nani yuko wapi. Nilikuwa namgongea nani?

"Waje, nipo."

Sauti imekwaruza kidogo, lakini ni ile ile. Kule kwenye mitego ya samaki alikuwa amekaa mwanamke wa rika langu, leso kichwani, mjukuu mapajani, machozi yanamtoka. Na mimi yangu yakanitoka.

Mwalimu alivaa tena miwani, akakipindua kikaratasi, akatoa kalamu. Akaniuliza kama neno "mpishi" liwekwe mwanzoni au mwishoni.

Mwanzoni, nikamwambia.