Alitetea programu ya bure, sasa anahofia kompyuta yake

Saa tatu asubuhi mjini Isebania, malori yamepanga foleni kuelekea mpakani. Priscah Mirumbe amefungua kibanda chake nusu mlango tu. Ameketi mbele ya kompyuta akipakia programu kwenye simu ya mteja, lakini jicho moja liko chini, kwenye viatu vinavyopita.

"Ndara hazinishtui," anasema kwa sauti ya chini. "Kiatu cheusi kilichong'arishwa, hicho ndicho kinachonikausha mate."

Priscah, mjane wa miaka hamsini na mbili, aliishia darasa la nane. Kazi hii alifunzwa na marehemu mumewe, aliyemwachia kibanda na kompyuta hiyo miaka saba iliyopita. Siku ikiwa njema hupata shilingi mia sita, na ndizo zinazomsomesha bintiye Mourine. Kompyuta ikichukuliwa, hana jembe jingine.

Anayemwogopa ni mkaguzi wa hakimiliki. Na hofu yenyewe ilizaliwa siku alipotetea kazi ya mtu mwingine.

Priscah ni mmoja wa walinzi watatu wa kundi la WhatsApp la mafundi wa simu, watu mia moja na arobaini wanaogawana programu. Hawana askari wala hakimu. Walinzi hupokezana zamu kila wiki. Anayekosea huonywa mbele ya wote, akirudia hutolewa.

Mwezi uliopita mwalimu Okari wa Uriri aliwapa programu aliyoitengeneza mwenyewe: nyimbo za kanisa, pamoja na saa ya jua kutua kila Ijumaa, ili Wasabato wajue Sabato inapoingia. Chini aliandika masharti matatu: gawa bure, usiuze, usifute jina langu.

Wiki mbili baadaye, katika zamu ya Priscah, mteja alileta simu yenye programu ile ile. Jina la Okari halikuwamo. Mahali pake palikuwa na jina la Machuki, fundi wa kibanda cha pili, na mteja alikuwa amelipishwa shilingi mia mbili.

Kabla ya kuandika chochote kwenye kundi, Priscah alimwendea Machuki.

"Mama Mourine, kwani shida iko wapi?" Machuki alicheka. "Jamaa alisema ni bure. Ya bure haina mwenyewe."

"Wewe si mtoto wa wafugaji? Rafiki akikuletea ng'ombe umchungie, maziwa unakunywa?"

"Nakunywa, si nimepewa?"

"Na kumpeleka mnadani?"

Machuki akageukia simu aliyokuwa akiitengeneza.

"Maziwa ni yako, ng'ombe ni wake. Wewe umemuuza, tena umemfuta hata alama."

Wateja wawili waliokuwa dirishani wakaangua kicheko. Hapo ndipo Machuki alipomwinamia sikioni.

"Sawa, mlinzi. Na hiyo ng'ombe iko mezani kwako, ilitoka boma la nani? Weka jina langu kwa grupu, na mimi niite wenyewe waje waiangalie."

Priscah anasema alimwelewa mara moja. Mfumo unaoendesha kompyuta yake ni nakala isiyolipiwa. Mumewe aliitoa kwa rafiki, na Priscah hakuwahi kuuliza. Kuulipia ni zaidi ya shilingi elfu ishirini.

Kwa siku nne hakuandika neno. "Nikipiga magoti kuomba, maneno yanakwama," anasimulia. "Ningemwambia Mungu nini? Kwamba namlindia Okari chake, huku nimekalia cha mwingine?"

Siku ya tano aliandika mambo mawili kwa pamoja: onyo kwa Machuki, na ukweli kuhusu kompyuta yake. Kufikia jioni watu ishirini na sita walikuwa wamejitoa kundini wenyewe, wakihofia kuulizwa kuhusu kompyuta zao. Machuki alirudisha jina la Okari, kisha akamtumia Priscah maneno mawili: "Nimeshapiga simu."

Kama ni kweli au ni kitisho tu, Priscah hajui.

Okari alipopata habari alimpigia. Alimweleza kuwa uko mfumo mwingine ambao waliouandika wanamruhusu kila mtu autumie bila malipo. Angemletea kwa flashi.

"Nisomee kwanza masharti yake," Priscah alimwambia. "Yote, mwalimu. Usiruke."

Okari alimsomea karibu nusu saa, akimtafsiria kila sentensi.

Ila mfumo huo hauendeshi programu anazotumia kufungulia simu zilizojifunga, na hiyo ni nusu ya kazi yake. Amepanga kuanza kuchapa barua na ratiba za mazishi, na kuwawekea watu programu ya Okari bila kuwatoza.

"Wateja wengine watahamia kwa Machuki, najua. Wacha waende," anasema. "Mtu akiniuliza hii umetoa wapi, nataka nimtajie aliyenipa bila sauti kutetemeka."

Okari atafika Jumapili. Priscah anahesabu kwa vidole, kisha anakunja mkono.

"Leo ni Jumatano," anasema. "Naomba tu wale wa viatu vyeusi wasimtangulie."