Sukari ya Abigaïl

Daktari Mzungu alipomwambia Abigaïl kwamba ana sukari, mwaka mmoja kabla ya Uhuru, alicheka mpaka akakanywa. Yeye, mke wa Ezechiel mchunga ng'ombe wa watu, sukari aipatie wapi? Chai yake ilikuwa majani na maji ya moto basi. Lakini mkojo ulikuwa umepimwa, akapewa vidonge, na kwa muda vikamsaidia. Kisha Uhuru ukaja, daktari akaenda zake ng'ambo ya ziwa, na vidonge navyo vikamfuata.

Uasi dhidi ya serikali ulipofika mji wa Uvira, Ezechiel alikuwa juu milimani na ng'ombe, na njia ya kuteremka ikafungwa. Abigaïl akabaki na watoto mtaani kwao, Songo, kazi zote zikawa za mtu mmoja: kulima mihogo mlimani, kuchota maji, kubeba kuni. Chakula kilikuwa bugali na ndagala, dagaa wa ziwani, wa chumvi, maana maharage yalikuwa ya wenye pesa. Miguu ikaanza kuvimba jioni. Akipanda mlima moyo ulimdunda, ikambidi asimame kila mara kutafuta pumzi. Majirani wakasema ni woga. Nani hakuwa na woga mwaka ule? Hata yeye mwenyewe aliamini.

Na sukari ya dukani ikaadimika. Wenye maduka walivuka kwenda Burundi, watu wakawa wanaisimulia sukari kama marehemu aliyependwa. Siku moja Abigaïl ameketi chini kando ya bomba, ndoo bado tupu, jirani yake Generose akamuuliza kwa nini siku hizi amekuwa mvivu.

"Minye niko na sukari, mama," akajibu.

Maskini, angesema malaria! Generose hakungoja mengine. Wanasema lisemwalo lipo, na yeye alihakikisha linasemwa. Kabla ya adhuhuri wanawake walikuwa mlangoni kwa Abigaïl na vikombe, wakiomba kidogo tu, ya mtoto, ya uji. Akawaapia hana. Wakaondoka wakimwita mchoyo. Jina hilo linauma, lakini mwaka ule kulikuwa na jina baya zaidi, nalo ni mficha mali. Wapiganaji wa uasi walimhesabu mficha mali kuwa adui, na si wote waliochukuliwa kwa kosa hilo waliorudi.

Kesho yake akaja Bonaventure, mkubwa wa wapiganaji wa mtaa, na vijana wawili wenye mikuki. Wakapindua kitanda, wakamwaga unga, wakachimba chini ya mafiga.

"Sukari iko wapi?"

"Iko mu mwili yangu, papa. Ni ugonjwa."

Vijana wakaangua kicheko. "Kumbe sasa batu banafichaka sukari mu tumbo!"

Bonaventure hakucheka. "Simama. Tunaenda."

Abigaïl akashika ukuta, akainuka nusu. Watoto wakalia, na alijua kwamba akitoka mlango ule huenda asiwaone tena. "Muite Geneviève wa dispanseri," akasema kwa pumzi iliyobaki. "Yeye ataonyesha ninyi ile sukari."

Hilo neno kuonyesha ndilo lililomvuta Bonaventure. Geneviève, muuguzi pekee aliyebaki mjini, akaja na dawa ya buluu katika kichupa chembamba cha kioo. Abigaïl akapewa kikombe, akaenda nyuma ya nyumba. Geneviève akatia matone ya mkojo kwenye dawa, akaichemsha juu ya mbabula ya makaa. Watu wakabanana mlangoni, Generose mbele yao, kikombe mkononi, huwezi kujua. Buluu ikageuka kijani, kijani ikawa manjano, mwishowe ikawa nyekundu kama tofali.

"Mikojo bila sukari inabakiaka buluu. Mulikuwa munatafuta sukari? Njo hii," Geneviève akasema, akamnyooshea Bonaventure kichupa. "Kamata, utie mu chai."

Bonaventure akarudi nyuma, akawatazama vijana wake, kisha akacheka kicheko cha mtu aliyeaibika. "Mungu wangu! Tulikuwa tunataka kuua muntu juu ya mikojo!" Abigaïl naye akacheka huku machozi yakimtoka. Hakuwahi kufurahi namna ile kuitwa mgonjwa.

Geneviève peke yake hakucheka. Alibonyeza mguu wa Abigaïl, alama ya kidole ikabaki. Akasikiliza kifua kwa muda mrefu.

"Moyo yako imechoka, dada. Sukari iko inaikula polepole. Lakini haiko peke yake. Iko ile chumvi, iko mizigo ya mulima, na iko hii woga yenye batu banakuletea mu nyumba." Alisema hivyo Bonaventure akiwa palepale, na Bonaventure akatazama chini. "Dawa iko kidogo, nitakupatia. Lakini bila kupumzika ni bure. Kula maharagi na majani ya lengalenga, uache samaki ya chumvi, na usibebe tena ndoo."

"Na nani atabeba?" Abigaïl akauliza. Hakuwa akibisha, alitaka kujua kweli.

Bonaventure akawaamuru vijana wazoe unga waliomwaga, kisha wakaenda zao. Generose alibaki mlangoni. Akaweka kikombe chini, akachukua ndoo ya Abigaïl, akatoka.

Abigaïl akajilaza mchana kweupe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mumewe apande milimani. Akasikia maji yakimiminwa mtungini, ndoo ya kwanza, kisha ya pili. Ya tatu hakuisikia, usingizi ulikuwa umemchukua.